Inchi Mbili za Mbele

Kila mtu alimwita Fundi. Pasta alimwita Fundi, watoto wa shule waliokuja kupunguziwa sketi walimwita Fundi, na yule Msomali mwenye duka la vitambaa, ambaye tulikaa kwa baraza yake na mashine zetu mbili, alimwita Fundi hata akiwa amekasirika. Mimi peke yangu nilimwita Mama, kwa miaka miwili hivi. Kisha nikaacha. Sababu ya kuacha ndiyo inaniandikisha haya, lakini siwezi kuanza nayo, kwa sababu mtu akisikia hiyo peke yake atadhani nilikuwa nafanyia shetani kazi. Haikuwa hivyo. Shetani ni rahisi kumwacha.

Kazi yake ilikuwa harusi, lakini gauni la bibi harusi lenyewe hakulipenda. Alisema bibi harusi hata umfunge pazia, watu watapiga vigelegele. Kilichomjulisha Eldoret hii, kutoka Langas mpaka watu wa Turbo na Cheptiret, ni wapambe, wale wasichana sita au saba wanaotangulia bibi harusi wakicheza pole pole, nguo rangi moja. Na kwa wapambe, kitu kimoja hasa: urefu wa gauni. Mtu angeshona mikono kwingine, angenunua kitambaa Nairobi, lakini pindo la chini lilikuja kwa Fundi.

Mafundi wengi hupima gauni kutoka kiunoni kwenda chini. Yeye alipima kutoka chini kwenda juu. Kulikuwa na ubao mrefu aliulaza barazani, ameuwekea vijiwe upande mmoja kwa sababu ile simiti iliinama ili maji ya mvua yateremke. Wasichana walipanda juu ya ubao wamevaa viatu vya siku yenyewe. Ukija na viatu vya dada yako alikurudisha nyumbani, hata kama nyumbani ni Kesses na kunanyesha. Kisha alipiga magoti na kijiti chake cha mbao chenye alama, chaki mkono mwingine, pini mdomoni, akamzunguka msichana mmoja mmoja akiweka alama. Msichana hakuruhusiwa kugeuka.

“Wewe simama,” alikuwa anasema kupitia pini. “Ukizunguka unajipinda. Mwenye kuzunguka ni mimi.”

Magoti yake yalikuwa meusi na magumu kama kisigino. Siku moja nilimnunulia mto mdogo wa kupigia magoti. Akanishukuru, akauweka kwa kiti, akaukalia.

Kulikuja bibi harusi mmoja wa Cheptiret, amebeba picha kwa simu. Alitaka gauni za wapambe ziishie juu ya goti, kila mmoja juu ya goti lake. Mama yake alitaka ziguse kifundo cha mguu. Walikuwa wamegombana tangu kwa gari, ilionekana.  Fundi alimwita binamu yao mmoja mrefu kama mwanariadha, akamsimamisha kwa ubao, kisha rafiki ya bibi harusi, kasichana kafupi ka kutoka Vihiga. Akawavutia gauni zote mbili hadi juu ya magoti, akamwambia bibi harusi arudi nyuma mpaka barabarani aangalie.

“Unaona nini?”

“Ni sawa tu, Fundi.”

“Angalia kama kamera.”

Msichana akaangalia. Pindo la mmoja lilikuwa juu kabisa, la mwingine chini, kama ngazi. Fundi akamwambia Mungu aliweka goti la kila mtu mahali pake bila kuuliza mpiga picha, kwa hivyo ukifuata magoti, laini yako ya mapindo itapanda na kushuka mpaka mwisho. Fuata chini. Chini ni moja kwa wote. Mama mtu akafurahi, akidhani ameshinda. Ndipo Fundi akamgeukia na yeye, akamwuliza kama wale watoto wamealikwa harusi au kufagia matope ya Aprili. Waliondoka na inchi kumi na mbili kutoka chini, wote saba. Bibi harusi alilia machozi ya kweli. Picha zilipotoka alirudi na kreti ya soda.

Nilijifunza kwake kwamba kuna urefu wa mwili na kuna urefu wa laini, na si kitu kimoja. Msichana mmoja anaweza kupendeza zaidi inchi tatu juu, na bado utamshusha, kwa sababu hasimami peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na gredi ambayo haikunipeleka popote, na hayo maneno niliyaona ni ya hekima sana. Sasa nikiyafikiria napata hasira.

Siku za harusi alienda kanisani na kukaa benchi la mwisho. Si unyenyekevu. Aliishi na mzee wake miaka mingi mpaka akamzika, lakini hawakuwahi kufunga ndoa kanisani, kwa hivyo kwa kanisa letu hakuruhusiwa kuigusa meza ya Bwana na kikundi cha akina mama walioolewa hakikumtaka, isipokuwa wakati wa kushona sare zao. Yeye hakulalamika. Alikaa kule nyuma, shingo imenyooka, macho yakiwa chini kwa miguu ya wapambe. Hakuangalia uso wa mtu. Aliniambia laini ikiwa sawa watu hawaoni kitu, wanatulia tu. Ikipinda hawajui ni nini kimeharibika, lakini wanaanza kukohoa.

Kwa kazi alikuwa mkali kupita kiasi. Niliwahi kukata mkono wa gauni vibaya, nusu inchi. Hakunipigia kelele. Aliutundika kwa msumari pale mbele ya wateja, ukakaa mwezi mzima, na mtu akiuliza ni nini hicho, alimwambia aniulize mimi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, bila majivuno, kama mtu anayesema hajawahi kufika Mombasa: “Mimi sijawahi kukosea kukata.” Na ilikuwa kweli. Nilimchunguza miaka miwili nikitafuta kosa, sikupata.

Na bado ni huyo huyo aliyenivua baridi ya Julai akaivaa yeye, yaani alinipa sweta yake akashona na leso mabegani. Ni yeye aliyemfukuza kwa makasi mwanaume mmoja wa stendi aliyezoea kunishika mkono nikipita. Nikija bila kula alijua, sijui aliona wapi, na githeri yake, mahindi na maharagwe, iligawanywa mara mbili. Mama yangu mzazi alinipenda kwa maombi. Huyu alinipenda kwa chakula. Unaelewa ni kwa nini nilimwita vile.

Siri pia alijua kuweka. Kulikuwa na bibi harusi wa Elgon View, mtoto wa watu wakubwa, aliyekuja na mamake jioni duka likifungwa. Alikuwa na mimba, na kanisa lao halifungishi ndoa ya mwenye mimba. Fundi alimpandishia kiuno karibu na kifua, akaongeza kitambaa mbele, na hakuruhusu lile gauni litundikwe popote. Alilipeleka mwenyewe alfajiri ya harusi, limefungwa kwa shuka, akamvalisha. Komiti ya harusi ilipouliza ni kwa nini limechelewa hivyo, alisema mashine iliharibika. Aliisingizia mashine yake bila kupepesa jicho. Nilikuwa nimesimama hapo nimeshika shuka. Kwa hivyo mtu asiniambie hakujua kudanganya.

Sasa yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa wa kwanza kwetu kuolewa kanisani. Mama alikuwa amengojea hiyo siku kama mvua. Wapambe walikuwa sita na mimi ndiye wa kutangulia, kwa sababu nilijua kucheza na kwa sababu Dada alitaka hivyo. Tulipopimwa mara ya kwanza nilikuwa na mimba changa na hakuna aliyejua isipokuwa baba ya mtoto, mwanafunzi mmoja wa Kesses, ambaye simpi nafasi zaidi ya hii. Kanisa letu lilikuwa na sheria: msichana mwenye mimba bila ndoa hasimami madhabahuni, hata kushika maua. Na Baba alikuwa na sheria yake, aliyokuwa ameitangaza mezani tangu tuko primari: atakayeleta mimba ataondoka nayo. Mpango wangu ulikuwa mdogo tu. Harusi ipite. Dada aolewe kwa amani, picha ipigwe nikiwa ndani, halafu nimwambie yeye kwanza, anisaidie kumwambia Mama. Niliomba wiki sita tu za kutoonekana.

Fundi alikuwa na desturi ya kupima mara mbili, mara ya pili wiki ya mwisho, kwa sababu wasichana hunenepa wakisikia harusi. Nilipanda ubao na wenzangu. Gauni lilikuwa la shifoni, linaning'inia kutoka kifuani, tumbo halionekani ukiniangalia. Lakini kitambaa hakifichi kama watu wanavyodhani. Tumbo likitoka, linakula urefu. Pindo la mbele linapanda, la nyuma linabaki. Fundi alinizunguka kwa magoti, akafika mbele, akakwama. Akarudi nyuma, akapima tena. Akafika mbele tena. Kijiti kilitulia pale.  Aliangalia juu, akaniona, nikamwona.

“Usivae mkanda,” akasema, akaenda kwa msichana mwingine.

Hakusema kitu kingine, siku hiyo wala kesho yake. Niliona tu kwamba kipande cha mbele cha gauni langu alikikata upya, chenye inchi mbili zaidi. Nikivaa, pindo linalala sawa na la wengine. Usiku nililia kwa furaha. Nilijua ninaye mtu.

Kitu ambacho sikukifikiria, na yeye hakuweza kukosa kukifikiria, ni Alhamisi. Kwa kanisa letu gauni zote hupelekwa kukaguliwa na Mama Pasta, mke wa Pasta, Alhamisi ya kabla ya harusi. Zinatundikwa kwa kamba ndani ya ukumbi, anapita akiangalia mgongo, kifua, mpasuo, kisha zinavaliwa aone kama ziko kiganja kimoja chini ya goti. Gauni lililokatwa refu mbele, likiwa mwilini mwa mwenye tumbo, liko sawa. Likiwa kwa hanga, linaning'inia mbele kama ulimi. Na Mama Pasta alikuwa amesomea ushonaji.

Alipita la kwanza, la pili. Kwa la tatu akasimama, akalishika pindo, la mbele na la nyuma, akayalinganisha.

“Fundi, hapa ulikosea?”

Tulikuwa karibu watu kumi na watano mle ndani. Mama yangu, Dada, wapambe, wamama wa kanisa. Fundi alikuwa karibu na dirisha ameshika mkebe wa pini. Ilikuwa aseme ndiyo. Ndiyo tu, nilikosea, nitalirekebisha leo. Mama Pasta angecheka, wamama wangecheka, kwamba hata Fundi amezeeka. Huo ungekuwa mwisho wake. Nilimwangalia. Yeye aliangalia lile gauni. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikafungwa.

Mama Pasta akangoja. Kisha akasema, sauti ikiwa imebadilika, “Kama hukukosea, basi hili ni la nani?”

Kila gauni lilikuwa na karatasi ya jina. Hakuhitaji kujibiwa.

Sitaeleza kelele iliyofuata. Mama hakunipiga. Alikaa chini kwa sakafu na viatu vyake vizuri, akafunika uso na kitambaa cha kichwa. Dada aliniuliza kwa sauti ndogo, “Kwa nini hukuniambia mimi?” na hajawahi kuniuliza kitu kingine tangu siku hiyo mpaka leo. Nafasi yangu ikapewa binamu yetu, aliyekuwa na urefu kama wangu lakini tumbo lake ni la kawaida. Kwa hivyo inchi mbili za mbele zilihitaji kuondolewa, na harusi ni Jumamosi, na fundi msaidizi ni mimi. Ijumaa nilikaa barazani nikafumua pindo langu mwenyewe, nikalikata, nikalishona kwa mkono, mishono midogo midogo kama nilivyofundishwa. Fundi alikaa kwa mashine ile nyingine amenipa mgongo. Adhuhuri alinisukumia sahani ya githeri. Nikaiacha hapo mpaka nzi wakaimaliza.

Jumamosi niliachwa nilinde nyumba. Jumapili Baba alitimiza sheria yake. Picha ya ile laini iko sebuleni kwa wazazi wangu hadi sasa, nimeambiwa. Mapindo yote ni sawa kabisa.

Miaka mitano imepita. Nina chumba Langas, nina msichana wangu anayeanza PP2 ya chekechea, na ninashona sare za shule kwa sababu sare haina madhabahu. Wateja wakileta kazi ya wapambe nawatuma kwingine. Nimewahi kumwona Fundi mara mbili tatu mjini, ng'ambo ya barabara, nikageuza uso. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga kama pini kwa mkebe, lakini sikutaka kuyasema barabarani.

Mwezi uliopita yule mwenye duka aliniambia Fundi alianguka. Upande wa kushoto umekufa, mashine imeuzwa, na yuko kwa chumba kimoja mtaa wa Huruma ambapo jirani humpelekea uji asubuhi. Nikauliza kama kanisa linaenda kumwona. Akasema yeye ni Mwislamu, mambo ya kanisa letu hayajui, lakini kila akienda humkuta peke yake.

Nilienda na mtoto kwa sababu sina wa kumwachia. Sikubeba kitu, na nilikusudia hivyo. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kwa kiti cha plastiki katikati ya chumba chenye giza, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Alinitambua mara moja. Alimwangalia mtoto pia, kutoka miguuni kwenda juu, polepole, na hakuuliza jina.

Nilikuwa nimepanga kusalimia kwanza. Sikusalimia.

“Ulijua zitatundikwa,” nikamwambia.

“Nilijua.”

“Basi kwa nini ulikata hivyo?”

Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa safi. Akasema kama angeacha pindo lipande, ningesimama mbele ya kanisa lote na kila mama mwenye macho angeona, na picha ingebaki ukutani ikisema hivyo hivyo. Akaona afadhali Alhamisi. Alhamisi ni mtu mmoja wa kujibiwa. Alikuwa amepanga atamjibu.

“Na hukumjibu.”

“Sikumjibu.”

“Ungesema umekosea kukata. Neno moja, Fundi. Mashine uliwahi kuisingizia, mimi nikiwa hapo.”

“Mashine si mimi.”

Mtoto alikuwa amenishika sketi. Nilimtuliza kwa mkono bila kumwangalia, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.  Kisha Fundi akaniuliza yeye.

“Ningemwambia nimekosea, unadhani angeamini?”

“Angeamini.”

“Ndiyo,” akasema. “Angeamini. Hapo ndipo nilishindwa.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Kwamba atasema amesahau, au atalaumu Mama Pasta, au atasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa na jibu la kila moja.  Badala yake nilisimama pale nikimwelewa, na hiyo ndiyo iliniudhi kuliko yote, kwamba nilimwelewa. Mtu ambaye meza ya Bwana imemfungia, kikundi kimemfungia, amebaki na mkono wake tu ambao haujawahi kukosea. Alitakiwa achague kati ya mkono huo na mimi, na alikuwa na nafasi ya pumzi moja, na akachagua. Hakuniomba msamaha. Nafikiri alijua ningemtupia usoni.

Akaniambia jirani amechelewa leo na hajaota jua tangu juzi. Akaisema hivyo tu, akiangalia mlango, si kama ombi.

Nikamwambia mtoto atangulie nje. Nikamwinua Fundi chini ya makwapa. Hakuwa na uzito, mifupa na leso tu, na alinuka mkojo. Nilimvuta hatua moja moja mpaka ukutani kwenye jua, nikamwegemeza, nikarudi kuchukua kiti, nikamkalisha akiangalia barabara ambako watu walikuwa wakipita kutoka sokoni. Nilipomfunika miguu niliona analia, bila sauti, jicho moja tu, lile linaloweza. Mkono wake mzuri ulikuwa umeshika kiti asianguke, hakuweza kujipangusa. Wanawake wawili wenye leso za kanisa letu walikuwa wanakuja upande wetu na mboga zao, wakiongea.

Nikakigeuza kiti, uso wake ukaangalia ukuta. Nikasimama nyuma yake nimemshika mabega mpaka wale wanawake wakapita. Nikawaitikia salamu. Kisha nikamchukua mtoto wangu tukaenda, na sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe.